Kabla ya Mbura ya Njahi: Maandalizi ya Boma Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Wakikuyu wa Nyeri huhesabu mwaka kwa mvua. Mvua kubwa, inayoanza kati ya Machi na Aprili na kuendelea hadi Mei, huitwa mbura ya njahi, kwa jina la fiwi nyeusi zilizopandwa majira hayo. Ile ya Oktoba hadi Desemba ni mbura ya mwere, yaani ya uwele. Uwele wenyewe umekaribia kutoweka mashambani, lakini jina limedumu. Tufani za baharini hazifiki huku: Nyeri iko karibu nusu digrii tu kusini ya ikweta, na tufani kwa kawaida haziundwi ndani ya digrii tano kutoka mstari huo. Kinachoogopwa ni upepo unaotangulia mvua, mvua ya mawe, radi, na udongo mwekundu unaoteleza kwenye miteremko ya Othaya na Mukurweini.

Zamani mvua ilipochelewa, wazee walikwenda chini ya mti wa mugumo, wakaelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, wakamtolea Ngai, Mungu wao, kondoo. Siku hizi wengi husubiri utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, unaorudiwa kwa Kikuyu redioni. Hata hivyo, mkulima mzee bado huutazama mlima asubuhi kabla ya kuamini tarehe aliyotajiwa.

Maandalizi huanzia juu, kwenye paa, na historia ya paa hilo yastahili kuelezwa. Nyumba ya kale ilikuwa ya duara, imeezekwa kwa nyasi, haina dirisha. Moshi ulipenya katikati ya nyasi, ukazikausha na kufukuza wadudu. Wanaume walikata na kusimamisha miti. Wanawake walikata nyasi, wakazibeba mgongoni, kisha wakakandika kuta. Kazi ilifanywa na majirani kwa pamoja na ilipaswa kumalizika siku hiyo hiyo, moto uwashwe kabla ya usiku, kwa kuwa nyumba iliyoachwa nusu ilidhaniwa kukaribisha pepo wabaya. Mwenye boma alilipa kwa chakula na pombe.

Baada ya uhuru nyasi zilikuwa adimu, kwani ardhi ilikwisha kugawanywa na kupimwa upya miaka ya 1950. Ndipo wanawake wa Nyeri na wilaya jirani wakaunda vikundi vilivyojulikana kwa jina la mabati. Kila mwanachama alichanga kiasi fulani, mara nyingi kutokana na vibarua walivyolima pamoja, na fedha zikanunua mabati ya nyumba moja baada ya nyingine mpaka zamu ikawafikia wote. Si vigumu kuona ndani yake ule ujirani wa kuezeka nyasi, safari hii ukiwa na daftari la mweka hazina. Faida zilikuwa mbili: nyumba isiyovuja, na maji safi mlangoni badala ya mtungi wa kupandisha kutoka bondeni.

Kwa hiyo Februari ndiyo mwezi wa kupanda ngazi. Misumari iliyolegea hugongwa au kubadilishwa, matundu huzibwa kwa lami, majani makavu ya mgrivea huondolewa kwenye mifereji ya paa, na tangi husuguliwa ndani. Nanyuki, mji unaopata mvua chache kwa kuwa uko upande mkavu wa mlima, tangi huwa kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Karatina na Othaya shida huwa kinyume: maji yapelekwe wapi tangi likijaa. Mtaro huchimbwa kuzunguka nyumba na kuongozwa mbali na msingi, na mbali na shamba la jirani pia, maana ugomvi wa maji ya mtaro hufika hadi kwa chifu.

Kuni ni kazi ya Januari. Matawi ya mgrivea hukatwa kiangazi, ili mahindi yasifunikwe na kivuli na jiko lisikose moto. Hupangwa chini ya banda, na zile za siku chache zijazo huwekwa itara, yaani dari ya miti juu ya mafiga, zikauke kwa joto la chakula kinachopikwa. Mahindi ya akiba huanikwa tena kabla ya kurudishwa ghalani, kwa sababu unyevu huleta kuvu yenye sumu. Ghala la kale, ikumbi, lilisukwa kwa fito na kuinuliwa juu ya mawe au miti, nalo lilikuwa mali ya mke.

Shambani mashimo huwa tayari kabla ya tone la kwanza, na makingamaji hufukuliwa udongo uliojaa. Makingamaji haya yaliwahi kuchukiwa: mwaka 1947 watu wa Murang'a walikataa kuyachimba kwa amri ya serikali ya kikoloni. Leo kingo zake hupandwa nyasi za nepia, zinazoshika udongo na kulisha ng'ombe. Zizi nalo huongezewa matandiko makavu, kwato zisioze kwenye matope.

Mvua ya kwanza ikishuka, bomba la tangi huwa limechomolewa kwa makusudi. Maji ya mwanzo, yenye vumbi la kiangazi na kinyesi cha ndege, huachwa yamwagike uani. Paa likishatakata, mtu hutoka na gunia kichwani kulirudisha bomba mahali pake.