Muhuri Hadharani, Siri Kabatini

Mbugangari ni mtaa wa Gisenyi, Rwanda, unaopakana na Goma ya Kongo, karibu na kivuko cha Petite Barrière ambacho, kabla ya korona, kilipitisha makumi ya maelfu ya watu kila siku, wengi wao akina mama wachuuzi. Ugonjwa nao hauulizi kibali. Julai 2019 Ebola ilipothibitishwa Goma, wasiwasi ulitanda pande zote mbili. Mchuuzi anayechukua dawa za VVU upande huu akazidiwa ghafla upande wa pili anahitaji faili lake limfuate, lakini jirani yake wa sokoni asijue lililomo. Hapo ndipo wauzaji wa mifumo hunadi blokicheni, yaani daftari la pamoja ambalo kila mshiriki ana nakala yake, na kila ukurasa una muhuri uliokokotolewa kwa kutumia ukurasa uliotangulia. Ukigusa neno moja la nyuma, mihuri yote inayofuata inakataa.

Uzuri huo una bei. Daftari hili liliundwa kuzuia udanganyifu, halikuundwa kutunza siri: kilichoandikwa humo hukaa kwa kila mwenye nakala, na hakifutiki. Sheria ya Rwanda Na. 058/2021 inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe. Mnyororo huu wa kurasa hauna pa kufutia. Wapo wanaosema taarifa zifichwe kwa usimbaji, basi yaishe. Sikubali. Kufuli imara leo huenda ikafunguka baada ya miaka thelathini, na jibu la kipimo cha VVU halipoi. Estonia, iliyoanza kutumia teknolojia ya aina hii kwenye kumbukumbu za afya mwaka 2016, iliacha mafaili kwenye hifadhi zake za kawaida ikaweka mihuri tu kwenye mnyororo. Na hata muhuri una hatari yake. Kitambulisho cha Rwanda kina tarakimu 16, na mwaka wa kuzaliwa umo ndani. Muhuri ukitengenezwa kwa namba hiyo peke yake, kompyuta inaweza kujaribu namba moja baada ya nyingine mpaka impate mwenyewe. Lazima uchanganywe na siri ambayo hospitali haiitoi.

Mtu atauliza: kwa nini basi isitumike hifadhidata ya kawaida? Ndani ya nchi moja, hoja hiyo ina nguvu, na mimi ningeanzia hapo. Mpakani mambo ni mengine, kwa kuwa Kigali na Kinshasa hakuna atakayekubali mwenzake awe mtunza daftari peke yake. Kinachofaa kuandikwa kwa pamoja ni nani alifungua faili, lini na kwa idhini gani. Hata daktari aliyelifungua kwa dharura, mgonjwa akiwa hajitambui, aache alama isiyofutika. Lakini zahanati ambayo wauguzi watano hutumia nywila moja itaandika kwa uaminifu mkubwa jina la mtu ambaye hakuwepo, kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye nywila ya kila muuguzi.