Pakiti Moja kwa Wengi: Kasoro ya Wi-Fi

Wimbi la redio halimchagui msikilizaji, kwani likishatoka kwenye antena humfikia kila aliye jirani. Ndiyo maana mtu angetarajia kwamba multikasti, yaani kutuma pakiti moja ya data kwa kundi zima la vifaa, ingekuwa kazi nyepesi kuliko zote katika mtandao usiotumia waya. Mambo ni kinyume.

Multikasti ya intaneti, ambayo Steve Deering aliiandikia kanuni mwaka 1989 katika waraka RFC 1112, ilitangulia Wi-Fi, na ilizoea waya, ambako pakiti hupotea kwa nadra. Katika Wi-Fi, kifaa kikipokea pakiti iliyoelekezwa kwake peke yake hurudisha ishara fupi mithili ya stakabadhi, na ishara hiyo isiporudi, ruta hutuma tena. Pakiti ya kundi haina stakabadhi, kwa sababu majibu ya vifaa vyote yangegongana hewani; ikipotea, imepotea. Isitoshe, ili imfikie hata aliye pembezoni, kwa kawaida hutumwa kwa kasi ya chini, ambayo katika masafa ya gigahezi 5 mara nyingi ni megabiti 6 kwa sekunde. Video ya megabiti 4 kwa sekunde ikirushwa hivyo ukumbini hula theluthi mbili za muda wa hewani, ilhali nakala kumi zinazotumwa kwa vifaa kumi, kila kimoja kwa megabiti 300, hazizidi asilimia 14, ukiacha muda wa taratibu za itifaki.

Kwa hiyo ruta nyingi huigeuza multikasti kuwa nakala za mmoja mmoja, dawa inayofaa mradi wasikilizaji ni wachache. Wakifika mamia, busara ni kurekebisha makosa kwa hesabu. Tuseme kifaa kimoja kimepoteza pakiti ya 3 na kingine ya 7: badala ya kuzirudia zote mbili, ruta huzijumlisha biti kwa biti na kutuma jumla hiyo tu, na kila kifaa hutoa ile kilicho nayo kikabaki na ile kilichoikosa. Msimbo wa RaptorQ, uliosanifishwa mwaka 2011, umelipanua wazo hilo kiasi kwamba mpokeaji hahitaji pakiti fulani mahususi, bali idadi ya kutosha ya zozote. Lakini kuzikusanya huchukua muda, hivyo msimbo huo huyafaa zaidi mafaili kuliko mazungumzo ya papo kwa papo.