Bomba la Maji Machafu Likipasuka Nyumbani, Ufanyeje?

Je, umewahi kujiuliza maji ya chooni na bafuni yanakwenda wapi? Yanapita katika bomba lililofukiwa uani mpaka kwenye shimo la maji taka au bomba kuu la mji. Kwa vile halionekani, watu hulisahau. Lakini bomba nalo huzeeka. Yale ya zamani ya udongo wa kuchoma au ya saruji hupata nyufa, na mizizi ya miti hupenya kwenye maungio.

Utajuaje kama limeharibika?

Choo kinaziba kila mara hata baada ya kuzibuliwa. Kuna harufu mbaya uani. Sehemu moja ya ardhi ina unyevu wakati wa kiangazi, au inatitia. Funua chemba mbili, mwaga ndoo kadhaa za maji kwenye ile ya juu. Kama yanayofika chemba ya chini ni kidogo tu, basi yanapotelea njiani.

Kuna hatari gani?

Kubwa sana! Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 katika mtaa mmoja wa London, Uingereza. Dakta John Snow alionyesha kwamba wengi walikunywa maji ya kisima cha Broad Street. Kisima kilipochimbuliwa mwaka 1855, ilionekana kuwa mfereji na shimo la maji taka la nyumba jirani vilikuwa vimeoza na kuvujia kisimani. Umbali wake haukufika hata mita moja.

Usiseme hayo ni ya zamani. Maji ya mgao yakikatika, bomba la maji safi lenye ufa linaweza kufyonza uchafu ulio udongoni. Yakirudi, mnaunywa.

Kazi inafanywaje?

Hii ni kazi ya fundi, lakini wewe ukijua hatua zake hamtadanganywa.

1. Kwanza, watu wote nyumbani waache kutumia choo na bafu.

2. Mtaro uchimbwe polepole, na udongo uwekwe mbali na ukingo. Mtaro unaokupita kiuno unaweza kuporomoka, kwa hiyo kuta zake ziegemezwe mbao.

3. Kipande kibovu kikatwe mpaka kwenye sehemu nzima. Angalizo: kama bomba ni la saruji yenye asbesto, msilikate kwa msumeno. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Mwite mtu mwenye ujuzi nalo.

4. Bomba jipya la plastiki lilazwe juu ya mchanga usio na mawe. La inchi 4 lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita, yaani sentimita 25 kwa mita 10. Likilala sawasawa, uchafu utatuama.

5. Msifukie kwanza! Zibeni upande wa chini, jazeni maji, msubiri nusu saa. Yakipungua, kuna mahali panavuja.

6. Fukieni kwa mchanga, kisha udongo, mkishindilia tabaka kwa tabaka.

Jikinge

Vaa gambuti na glavu, na funika kila kidonda. Mkojo wa panya huweza kubeba vijidudu vya homa ya mgunda, iliyozuka mkoani Lindi mwaka 2022, nao huingia kupitia michubuko. Hakikisha umechanjwa pepopunda. Ukimaliza, oga kwa sabuni kabla hujashika chakula.

Usiingie shimoni!

Kijana, hapa sikiliza vizuri. Ukiambiwa "wewe mwembamba, hebu shuka ukazibue," kataa kwa adabu. Ndani ya shimo la maji taka kuna gesi inayonuka kama yai viza. Ikizidi, pua haiisikii tena, na mtu huanguka ghafla. Mwenzake akishuka kumwokoa, naye huanguka. Ndivyo familia zinavyopoteza watu wawili watatu kwa siku moja. Akianguka mtu, usimfuate. Piga kelele, ita zimamoto.

Kumbuka, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo ukitoka shule, zunguka uani, angalia, nusa. Ukiona dalili, waambie wazazi mapema.