Sura ya Sita: Kinga ya Mbung'o, Gharama ya Figo

Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, daktari wa Kijerumani aliyeitwa Max Taute alijidunga damu ya mnyama mwenye nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o. Alikuwa Afrika Mashariki akichunguza malale, na alitaka kumaliza ubishi mmoja uliowagawa wataalamu: je, kimelea kinachoangamiza ng'ombe na farasi ndicho hicho hicho kinachomlaza binadamu? Hakuugua. Vita vilipokuwa vikiendelea, yeye na mwenzake Huber walirudia jaribio hilo kwa Waafrika zaidi ya mia moja, na mwaka 1919 wakaandika kwamba hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Jaribio la namna hiyo lisingepita leo mbele ya kamati yoyote ya maadili ya utafiti, na haikupasa lipite hata wakati ule. Jibu lake, hata hivyo, lilikuwa sahihi. Damu ya binadamu ina kitu kinachoua vimelea vya nagana.

Mfugaji yeyote wa nchi ya mbung'o alikwisha kuona jambo hilo kwa macho yake. Mbung'o anamuuma ng'ombe, anamuuma na mchungaji. Ng'ombe anakonda, manyoya yanasimama, machozi yanamtoka, mwisho anaanguka. Mchungaji anajikuna tu, jioni anarudi nyumbani. Kule Ufaransa, Alphonse Laveran, yule yule aliyegundua kimelea cha malaria, aliona mwaka 1902 kwamba majimaji ya damu ya binadamu yanavifuta vimelea hivi ndani ya mwili wa panya. Kilichokuwa kikiua ni nini, hakuna aliyejua.

Jibu lilikuja kutoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatazama: kwenye mafuta ya damu.

Mafuta hayachangamani na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Ili kolesteroli na mafuta mengine yafike yanakotakiwa, mwili huyafungasha katika chembechembe ndogo mno zilizozungukwa na protini. Protini hizo huitwa apolipoprotini, na kila moja ina herufi yake: APOB hushikilia chembe za LDL, zile zinazoziba mishipa, APOA1 ndiyo mhimili wa HDL, ambayo watu wengi wanaifahamu kwa jina la kolesteroli nzuri kutokana na karatasi za majibu ya maabara. Mwaka 1978 Mary Rifkin, mtafiti wa New York, alionyesha kwamba nguvu ya kuua vimelea imo ndani ya HDL. Mwaka 1997 watafiti wakaeleza protini mpya waliyoikuta kwenye chembe hizo, wakaiingiza katika ukoo kwa herufi L: APOL, ambayo sasa huitwa APOL1. Miaka sita baadaye, maabara ya Etienne Pays huko Brussels ikathibitisha kwamba APOL1 ndiyo muuaji aliyetafutwa tangu enzi za Laveran.

Namna inavyoua inastahili kutazamwa kwa karibu. Kimelea cha nagana kinahitaji heme, ile sehemu ya damu yenye chuma, na hakiwezi kuitengeneza chenyewe. Kwa hiyo kina kipokezi maalumu juu ya ngozi yake cha kunasa hemoglobini iliyomwagika kutoka kwenye seli nyekundu. Chembe ya HDL iliyobeba APOL1 hubeba pia protini nyingine, ndugu wa haptoglobini, inayoshika hemoglobini hiyo. Kimelea kinaivuta chembe nzima ndani kama panya anayebeba chambo chenye sumu. Ikifika kwenye kifuko cha kumeng'enyea, ambako kuna asidi, APOL1 inajichomeka kwenye utando na kufungua tundu. Chumvi zinapita, maji yanazifuata, kifuko kinavimba, na kimelea kinakufa.

Kuna vimelea viwili vilivyopata njia ya kukwepa, na ndivyo vinavyoleta malale kwa binadamu. Kile cha Afrika Magharibi na Kati, gambiense, kina mbinu kadhaa; kwa mfano, kipokezi chake cha hemoglobini ni dhaifu, hivyo sumu nyingi haiingii. Kile cha mashariki, rhodesiense, kina protini moja tu iitwayo SRA, inayoishika APOL1 mkiani na kuizuia isifanye kazi. Karibu na Shinyanga, katika kituo cha Tinde, watafiti wa enzi za Waingereza waliweka aina moja ya rhodesiense kwa miaka 18, wakiipitisha kwa mbung'o na wanyama, na kuijaribu kwa watu waliojitolea. Haikupoteza uwezo wa kumwambukiza binadamu. Leo sababu inaeleweka: jeni ya SRA hubaki ndani ya kimelea hata kikikaa kwa wanyama miaka na miaka. Ndiyo maana swala na ng'ombe wanaweza kuwa ghala la malale bila dalili ya kumtisha mtu.

Nyani yuko mbele yetu katika vita hivi. APOL1 yake ina tofauti ndogo mkiani, SRA haiishiki, na rhodesiense hufa katika damu yake. Sokwe, aliye karibu nasi zaidi kinasaba, hana APOL1 kabisa. Wazo la kumpa ng'ombe jeni ya nyani limewafikisha watafiti hadi ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Nairobi, ambako lilizaliwa dume la ng'ombe wa Boran lililotokana na seli ya mwili wa ng'ombe mwingine, likaitwa Tumaini. Lenyewe halina jeni hiyo. Lilikuwa hatua ya kwanza ya kuonyesha kwamba njia inapitika.

Binadamu nao hawakubaki nyuma. Mwaka 2010 watafiti waliokuwa wakitafuta chanzo cha maradhi ya figo kwa Wamarekani weusi walikuta mabadiliko mawili katika jeni hii, wakayaita G1 na G2. Yote mawili yako kwenye mkia ule ule, na G2 hasa huiponyoka SRA. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, Waganda wenye G2 walikuwa na kinga kubwa dhidi ya rhodesiense, takribani mara tano. Nakala moja ilitosha.

Wenye nakala mbili ndio wanaolipa. Seli za figo zinazochuja damu hutengeneza APOL1 yao wenyewe, na aina hizi mbili huziumiza. Mkojo unaanza kutoa povu kwa sababu protini inavuja, shinikizo la damu linapanda, na baadhi ya watu huishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Kwamba tatizo limo ndani ya figo na si katika damu, upandikizaji umeonyesha: figo iliyotolewa na mtu mwenye nakala mbili huharibika mapema zaidi, bila kujali jeni za aliyeipokea. Karibu asilimia 13 ya Wamarekani weusi wana nakala mbili. Wengi wao hawaugui kamwe. Mara nyingi panahitajika kichocheo cha pili, na VVU isiyotibiwa ndiyo mbaya kuliko vyote. Kwa Waethiopia, ambao hawana G1 wala G2, ugonjwa wa figo wa VVU ulikuwa nadra hata kabla ya dawa kuenea, na madaktari walikuwa wakishangaa kwa nini.

Kwa muda mrefu takwimu zilitoka Marekani, ajabu kidogo kwa jeni iliyokulia Afrika. Mwaka 2024 utafiti mkubwa wa Ghana na Nigeria ulikuta karibu thuluthi moja ya washiriki wana nakala mbili, na ukaongeza jambo ambalo vitabu havikuwa navyo: hata nakala moja huongeza hatari kiasi.

Dawa ya kwanza iliyoilenga APOL1, inaxaplin, huziba tundu ambalo protini hiyo hufungua. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2023, protini kwenye mkojo wa wagonjwa ilipungua kwa karibu nusu ndani ya wiki 13. Swali linalofuata ni la jiografia. Nchini India aliwahi kupatikana mkulima asiye na APOL1 inayofanya kazi. Alikuwa mzima, hadi alipoambukizwa kimelea cha wanyama ambacho kwa kawaida hakimgusi mtu, akatibiwa kwa suramini na kupona. Kwa mgonjwa wa figo wa Chicago, kuizima protini hii pengine si hasara. Kwa mgonjwa anayechunga ng'ombe Busoga, Uganda, au anayelinda wanyama Serengeti, daktari atalazimika kuuliza kwanza kama huko anakofanya kazi kuna mbung'o.