Mungu Mwema na Ugonjwa wa Mdogo Wangu

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili aliniomba niandike juu ya jambo nililojifunza katika somo la Dini mwaka huu. Lakini swali nililolichagua sikulipata darasani. Nilipewa na baba yangu, nyuma ya nyumba yetu, siku ya tatu baada ya kumzika mdogo wangu. Aliniuliza hivi: "Mwanangu, wewe ndiwe usomaye kwa wamisionari. Ikiwa Mungu atupenda, mtoto huyu alimkosea nini?" Sikuweza kumjibu. Tangu siku ile baba hakuingia tena kanisani, naye alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na miwili. Basi haya niyaandikayo si mashindano ya maneno. Namtafutia baba yangu jawabu.

Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Aliugua ugonjwa wa seli mundu, ambao watu wengi hapa Uganda huuita sikoseli. Yafaa nieleze ugonjwa huu kwanza, maana nimeona kwamba watu wasioujua ndio wepesi wa kusema ni mapenzi ya Mungu, au ni laana.

Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za mviringo kama sahani ndogo, nazo ni laini, hata hupita katika mishipa myembamba mno bila taabu. Huishi siku 120 hivi. Chembe za mgonjwa wa seli mundu zikikosa hewa ya kutosha hupindika mfano wa mundu wa kuvunia, hukakamaa, zikakwama mishipani na kuziba njia. Sehemu ya mwili iliyo mbele hukosa damu, na hapo ndipo maumivu huanza. Nimembeba mdogo wangu mgongoni usiku, akiniuma bega ili asilie na kumwamsha mama. Tena chembe hizo hufa upesi, baada ya siku 10 au 20 tu, na ndiyo sababu macho yake yalikuwa ya manjano na mwili wake hauna nguvu.

Ugonjwa huu hauambukizwi, hurithiwa. Mtoto hupokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Akipokea jeni moja tu iliyo na kasoro, kwa kawaida haugui. Akipokea mbili, ataugua. Wazazi ambao kila mmoja ana jeni moja ya namna hiyo, kila mtoto wao ana bahati mbaya moja katika nne ya kuzaliwa mgonjwa. Baba na mama hawakujua neno hili. Hawakuwa na dhambi ya siri, kama bibi mmoja alivyonong'ona msibani, wala babu yetu hakulaaniwa na mtu.

Sasa nakuja penye jambo lililoninyima usingizi. Sisi ni Baamba, watu wa chini ya milima ya Ruwenzori upande wa Kongo. Mwaka 1949 madaktari waliopima damu za makabila ya Uganda waliona kwamba kati yetu, watu wapatao 45 katika kila 100 walikuwa na jeni hii. Kwa nini jeni iuayo watoto iwe nyingi hivyo? Jawabu lilitolewa mwaka 1954 na Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya na aliyefanya utafiti wake Kenya na Uganda. Alionyesha kwamba mtu mwenye jeni moja tu hukingwa na malaria kali. Vijidudu vya malaria havistawi vyema katika damu yake. Kwa hiyo mahali penye mbu wengi, kama bonde letu la Semliki, watoto wenye jeni moja waliponyoka, wakakua, wakazaa, nao wakairithisha.

Baada ya msiba nilikwenda kupimwa. Ninayo jeni moja. Nilipokuwa mdogo niliugua malaria mara nyingi, nikapona kila mara, na mama alizoea kumshukuru Mungu kanisani kwa ajili yangu. Huenda kitu kilichoniponya mimi ndicho kile kile kilichomwua ndugu yangu. Je, nishukuruje?

Wakristo wamejibu swali la mateso kwa namna mbalimbali. Jawabu la kale na la karibu ni kwamba mateso ni adhabu ya dhambi. Hili sikukawia kuliacha, maana Biblia yenyewe yalikataa. Rafiki za Ayubu walilisema kwa sura nyingi, na mwishoni Mungu akawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika. Mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu kumi na wanane, Yesu alikana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Na alipoulizwa juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, kama ni kosa lake au la wazazi wake, alisema si lake wala si lao. Anayewaambia wazazi maneno kama yale ya bibi yule, na ayasome hayo kwanza.

Jawabu la pili ni la hiari, nalo hutajwa pamoja na jina la Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430. Mungu alitaka tumpende, na upendo wa kulazimishwa si upendo, hivyo alitupa uwezo wa kukataa. Uovu mwingi hutoka hapo. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Februari 1977, zama za Idi Amin, waliomwua ni watu, si Mungu. Nalikubali jawabu hili kwa mambo ya watu. Lakini chembe ya damu haina hiari.

Wengine hufuata njia ya Ireneo, askofu wa Lyon katika karne ya pili, ambayo John Hick aliifufua katika kitabu chake cha mwaka 1966. Husema mwanadamu aliumbwa hajakamilika, na dunia hii ni kama shule ya kumkuza. Pasipo taabu hapana ushujaa wala huruma. Sitaki kulidharau jambo hili. Nilijifunza huruma kwa kumbeba ndugu yangu. Lakini mimi nilijifunza, yeye akafa. Shule ambayo mwanafunzi mmoja huumizwa ili mwenzake afaulu, ni mwalimu gani ataisifu?

Jawabu linalokaribia zaidi jambo letu ni hili: Mungu ameumba dunia inayokwenda kwa kanuni zake, na kanuni ile ile hutenda mema na mabaya. Jeni hubadilika, pasipo kubadilika hivyo, viumbe hawangeweza kufaana na nchi zao, wala Baamba hawangedumu bondeni. Mabadiliko yale yale huleta ugonjwa. Mtu aweza kusema, Mungu angeumba kanuni nyingine. Labda. Lakini kila nikijaribu kuiwaza dunia hiyo, naona sijui ninachokiwaza, na najiona naongea kama rafiki za Ayubu.

C. S. Lewis, mwandishi wa Uingereza, aliandika kitabu juu ya maumivu mwaka 1940, chenye hoja safi sana. Mwaka 1960 mkewe alikufa kwa saratani, naye akaandika kitabu cha pili, kilichotoka mwaka 1961 chini ya jina la kubuni. Humo analia na kumgombeza Mungu. Hata hivyo hakuacha imani. Mimi nakipenda hiki cha pili zaidi. Naye Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyenyongwa Aprili 9, 1945, aliandika kutoka gerezani kwamba Kristo hutusaidia kwa kuteswa pamoja nasi, si kwa kuonyesha nguvu. Hilo halielezi kwa nini mtoto aliugua. Lasema tu kwamba hakuwa peke yake. Usiku ule wa bega, hakuna hoja iliyomfaa ndugu yangu, alitaka mgongo.

Likizo ya Desemba nilimweleza baba haya yote, kwa muda mrefu, tukimenya kakao. Sikumwambia nina jawabu. Nilimwambia kwamba Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, ingawa alijua atamfufua, na kwamba labda Mungu naye alilia siku ile kwetu. Baba alinyamaza, akamaliza fungu lake, kisha akasema, "Kulia naelewa. Lakini alipelekewa habari mapema, akakawia, hata mtu akawa kaburini siku nne. Hilo nalo umelisoma?"

Nililisoma, nami sikuwa na neno. Wiki iliyofuata alimpeleka dada yangu mdogo kupimwa damu. Hana hata jeni moja. Siku hizi Jumapili humpakia mama kwa baiskeli mpaka kanisani, yeye akaketi nje chini ya mwembe mpaka ibada iishe. Ikiwa kati yenu wanafunzi wa zamani yuko mchungaji au padre aliyewahi kuulizwa habari ya zile siku nne na mtu aliyefiwa, namwomba aniandikie kwa anwani ya shule kabla ya likizo, nimpelekee baba barua hiyo.