Utangulizi: Nyimbo za Kusalitiwa katika Taarabu

Anayeanza kuzisoma nyimbo hizi huuliza kwanza: ni nani aliyemtenda mtunzi hivi? Katika taarabu swali hilo halimfikishi mbali. Shairi la mwanamke aliyesalitiwa mara nyingi limetungwa na mwanamume, likatiwa muziki na mwingine, kisha likaimbwa na mwanamke ambaye huenda ametulia na mumewe. Uchungu uliomo ni wa kweli, ila mwenyewe hajulikani mpaka wimbo ufike ukumbini.

Huko ukumbini, tazama watu wanavyotunza. Ubeti fulani ukianza, mwanamke huinuka na noti mkononi, akamwendea mwimbaji kwa mwendo wa kucheza, taratibu, pengine akimtupia jicho mtu aliyeketi. Tangu hapo ubeti ni wake. Hakutaja jina wala hakutukana, kwa hiyo hakuna wa kumpeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Lakini mume, hawara na majirani wote wameshapata habari. Mwanaanthropolojia Kelly Askew, aliyefanya utafiti wake Tanga, ameonyesha vizuri jinsi ugomvi wa watu unavyopita katika kutunza huku. Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha taaluma yetu. Mhakiki anayehesabu vina na mizani akaishia hapo amesoma nusu ya wimbo.

Lugha yenyewe inaiwezesha kazi hiyo. Viambishi vyetu vya nafsi havitofautishi mume na mke, hivyo aliyeniacha, aliyenidanganya na aliyeninyang'anya anaweza kuwa yeyote: mpenzi, mke mwenza, shoga wa chanda na pete. Juu ya hayo mtunzi huongeza fumbo la ua, la njiwa au la chombo kilichokwenda mrama, na aliyeumizwa anapata sitara ya kusemea.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, aliimba pia dhuluma waliyotendewa wanawake; wimbo wake "Kijiti" unahusu mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, muuaji akatorokea bara. Wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert ni mlango mzuri wa kuingilia. Miaka ya 1990, makundi ya TOT, alikoimba Khadija Kopa, na Muungano yalipopambana kwa mipasho, yaani nyimbo za kusutana, fumbo lilipungua na maneno yakawa makavu. Wako wasomi wanaoiona mipasho kuwa matusi tu, isiyostahili darasa. Siafikiani nao hata kidogo: mwanamke aliyenyamazishwa nyumbani ana haki ya kusikilizwa hata akiwa na hasira.

Kazi ingalipo tele. Kanda na video nyingi humwonyesha mwimbaji na kumwacha nje anayetunza, nasi tunahitaji watafiti watakaokaa kwenye harusi za Unguja, Tanga, Mombasa na Temeke, waandike ni nani aliinuka, kwa ubeti upi, na waliobaki vitini walifanya nini.