Kuchagua kiinitete: ni tiba yenye mipaka, si mizani ya kupimia utu



Wazazi waliokwisha kumzika mtoto kwa ugonjwa wa selimundu, au wanaokesha naye akilia kwa maumivu ya mifupa, wanalo swali ambalo zamani halikusikika katika baraza za misikiti yetu ya Bariadi. Je, ni halali mayai ya mke yarutubishwe maabara kwa mbegu za mumewe, viinitete vipimwe, kisha kile kisicho na ugonjwa ndicho kipandikizwe?

Kwa nini swali hili ni letu

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu. Hukadiriwa kuwa 11,000 au zaidi kila mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu mikoa ya kaskazini-magharibi ulionyesha kuwa takribani mtoto mmoja kati ya watano ni mbebaji wa kinasaba hicho. Mbebaji si mgonjwa. Bali kinasaba kimoja humkinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kimeenea sana Kanda ya Ziwa. Basi hapa hakuna laana wala uchawi.

Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa mtoto kuwa mgonjwa, na hesabu hiyo huanza upya kila mara. Kuzaliwa mgonjwa mmoja hakuwapi usalama watatu wanaofuata. Na kwa kuwa mtoto hurithi kutoka pande zote mbili, mume anayemwacha mkewe kwa madai kuwa anazaa wagonjwa anamdhulumu kwa jambo ambalo nusu yake ni lake mwenyewe.

Walivyoamua wanazuoni

Mwaka 1986, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Amman, iliona hapana ubaya, panapokuwa na haja, kurutubisha yai la mke kwa mbegu za mumewe nje ya mwili. Ikaharamisha kumwingiza mtu wa tatu, awe mtoa mbegu, mtoa yai au mwenye kubeba mimba. Mwaka 1990 ikaelekeza yarutubishwe mayai ya kiasi kinachohitajika tu. Nalo Baraza la Fiqhi la Makkah, mwaka 2007, lilikataza kuchagua jinsia ya mtoto isipokuwa kwa dharura ya tiba, pale ugonjwa wa kurithi unapowapata wa jinsia moja pekee.

Tunachokifahamu hapa ni kwamba mlango umefunguliwa kwa ajili ya maradhi mazito, haukufunguliwa kwa matamanio. Kiinitete cha mbebaji kisitupwe kana kwamba ni kigonjwa, kwani wazazi wake wenyewe ni wabebaji na wanaishi kwa afya. Wala ruhusa ya maabara isigeuzwe kuwa ruhusa ya kutoa mimba iliyokwisha kushika.

Upo pia upande wa pili. Mwaka 2002 kulizuka mjadala Marekani juu ya wazazi viziwi waliotafuta kwa makusudi mtoa mbegu kiziwi, ili wapate mtoto kama wao. Hoja yao ni kwamba uziwi una lugha yake na jamii yake, si ugonjwa. Uchungu wao wa kudharauliwa tunauelewa, lakini mtoto ni amana. Mzazi hana haki ya kumkusudia upungufu ambao Allah hakumkadiria.

Thamani ya aliyezaliwa

Ualbino nao hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Je, tuuweke katika mizani hiyohiyo? Hapa Usukumani tunajua mahali dharau inapofikisha watu. Ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina. Wanachohitaji ni kinga ya jua, miwani, shule na usalama. Kosa liko kwenye panga, si kwenye ngozi.

Tukumbuke kuwa Abdullah bin Ummi Maktum (RA), ambaye kwa ajili yake ziliteremka aya za mwanzo za Suratu Abasa, alikuwa kipofu, naye alikuwa muadhini wa Mtume (SAW) na aliwahi kuachiwa uangalizi wa Madina.

Mlango ulio karibu

Upandikizaji mimba unapatikana mbali na kwetu, nao hugharimu mamilioni ya shilingi. Kipimo cha damu kabla ya ndoa ni rahisi zaidi. Saudi Arabia imekifanya sharti kwa wachumba tangu mwaka 2004, ingawa uamuzi wa kuoana hubaki kwao. Tunawanasihi wazazi wa Simiyu wawapime vijana kabla posa haijakamilika, na majibu yawe siri ya wahusika. Kipimo hiki si sharti la kusihi kwa ndoa. Ni katika kujiandaa kabla ya kutawakali.

Kwa yule aliyekwisha kuzaliwa na selimundu, wajibu wetu ni mkubwa zaidi: afikishwe kliniki mapema, kama ile ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, na apatiwe dawa ya haidroksiyurea inayopunguza mashambulizi ya maumivu. Mzazi akikosa nauli, jirani na msikiti wasisubiri kuombwa.

Wallahu aalam.